Hifadhi ya Ruaha kwa gari lako: usome mto kabla ya kulipa

Tunachopima hapa ni safari ya aina moja tu: siku tatu na usiku mbili ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa gari binafsi, malazi Msembe, makao makuu ya hifadhi, kwenye mabanda ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) au uwanja wa mahema. Anayeshuka kwa ndege ndogo uwanja wa Msembe na kupokewa na gari la kambi ya kifahari ananunua kitu kingine kwa bei nyingine. Makosa mengi tutakayoyataja hayamhusu, maana yupo mtu anayelipwa kuyakwepa kwa niaba yake.

Kwa safari hii, Ruaha ya Septemba inalipa kila shilingi. Ruaha ya Februari ni ya mpenda ndege na kijani, na simba unaweza usimwone kabisa. Ruaha ya Aprili kwa RAV4 ni safari ya kutafuta trekta. Lango ni lilelile na askari ni walewale. Kinachobadilika ni mto Ruaha Mkuu, na wengi wanaorudi wakinung'unika kwamba "hakuna wanyama" walichagua tarehe kwa kufuata likizo za shule, bila kuuliza maji yako wapi mwezi huo.

Madaraja yanayodanganya

Ugumu ni kwamba mto wenyewe hausomeki kutoka barabarani. Anayetoka Dar es Salaam anakutana na Ruaha Mkuu pale Ruaha Mbuyuni, kabla ya kupanda mlima Kitonga, penye mashamba ya vitunguu na magunia yaliyopangwa kando ya lami. Hata Oktoba atakuta maji yanapita chini ya daraja. Ataingia Iringa akiamini kwamba hifadhini nako kumejaa. Siyo. Maji ya Mbuyuni yametoka bwawa la Mtera, ambalo mto hulifikia baada ya kupita hifadhini. Bwawa hilo lilijengwa kuhifadhi maji ya msimu wa mvua na kuyaachia mwaka mzima kwa ajili ya mitambo ya Kidatu, kwa hiyo mkondo unaouona Mbuyuni unafuata mahitaji ya umeme kuliko mvua. Mkulima wa vitunguu wa Mbuyuni anafaidi kiangazi kizima kwa sababu hiyohiyo.

Daraja la pili linalodanganya liko Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa mjini. Mto unaopita pale ni Ruaha Mdogo, unaotoka nyanda za Mufindi, ambao ndio unaowapa maji wakazi wa mji. Nao hauachi kutiririka kiangazi. Lakini unaungana na Ruaha Mkuu baada ya Ruaha Mkuu kupita hifadhini, ukielekea Mtera. Tone lake moja halifiki Msembe.

Anayetoka Mbeya hudanganyika kwa namna ya tatu. Kati ya Chimala na Igawa barabara kuu inavuka mito mmoja baada ya mwingine, yote ikishuka kutoka milima ya Poroto na Kipengere: Chimala, Kimani, Mbarali. Mbele zaidi, upande wa mashariki, kuna Ndembera. Hii ndiyo inayolilisha bonde la Usangu na hatimaye Ruaha Mkuu, na ile inayotoka juu zaidi milimani ina maji mwaka mzima. Ila kati ya madaraja hayo na hifadhi kuna mabanio (vizuizi vya kuchepusha maji ya mto), mifereji, majaruba ya mpunga na kinamasi kikubwa, na kila kimoja kinachukua fungu lake kwanza.

Daraja pekee linalosema kweli ni la Ibuguziwa, unapoingilia hifadhini. Wakati huo umeshalipa.

Ndiyo maana swali la kuuliza kwa simu kabla ya kufanya malipo ni hili: "Mto unatiririka, umebaki mabwawa, au umekauka?" Ukiuliza tu kama wanyama wapo, jibu litakuwa ndiyo, na litakuwa la kweli, kwa sababu wapo siku zote. Hali tatu za mto ndizo zinazokuambia wako wapi, na kama barabara unayoifikiria itapitika.

Kinachotokea Usangu

Bonde la Usangu ni sahani pana iliyoko kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mito inashuka kutoka milimani, inatandaa, halafu sehemu ya chini kabisa inakuwa kinamasi cha Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, Ng'iriama, ambapo mwamba umekaa kama kizingiti. Maji ya kinamasi yakiwa juu ya kizingiti, mto wa hifadhini unatiririka. Yakishuka chini yake hata kwa kimo kidogo, mto unakatika, ingawa nyuma ya mwamba bado kuna eneo kubwa la maji na matete. Ukilielewa hili moja, tabia nyingine zote za Ruaha zinaeleweka.

Kwa mfano, mvua zinaanza Novemba au Desemba, na wageni wengi hudhani mto nao utaanza wiki hiyohiyo. Hauanzi. Ihefu lazima ijae kwanza hadi ipite kizingiti, kwa hiyo mwaka wenye mvua za kuchelewa mto unaweza kuwa bado mkavu wakati nyasi za hifadhini zimeshakuwa kijani. Hicho ndicho kipindi kibaya kuliko vyote kwa mtazamaji: mvua za hifadhini zimeshajaza madimbwi porini, wanyama wametawanyika, na mtoni hakuna maji wala wanyama.

Mto ulikatika kwa mara ya kwanza kujulikana mwaka 1993, na tangu hapo kukatika mwishoni mwa kiangazi kumekuwa jambo la kawaida. Lawama zimetupwa kila upande: wafugaji, wakata miti wa milimani, wakulima wa mpunga. Watafiti waliopima maji ya Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 walionyesha kwamba uzito mkubwa uko kwenye maji yanayochepushwa wakati wa kiangazi. Siyo mpunga wa msimu wa mvua, kwani wakati huo maji yanatosha wote. Ni mifereji inayoachwa wazi kuanzia Julai hadi Novemba, wakati jaruba halina hata mche.

Kwa nini iachwe wazi? Kwanza, banio nyingi za kienyeji ni magogo, mawe na mifuko ya mchanga, hazina lango la kufunga. Hata banio za zege zenye lango huachwa zikipitisha maji kwa sababu vijiji vilivyoko kando ya mfereji vinachota, vinafua na kunywesha mifugo humohumo. Kuufunga ni kuwanyima maji watu kilomita kadhaa kutoka mtoni. Pili, mkulima anayewahisha kitalu cha miche mwezi wa Oktoba au Novemba anavuna mapema, kabla soko halijafurika, na anapata bei nzuri. Maji ya kitalu hicho ndiyo hasa yanayokosekana Ng'iriama. Mashamba makubwa ya Mbarali, Kapunga na Madibira yanatajwa zaidi kwa sababu yanaonekana, lakini mifereji midogo ya watu binafsi na vikundi ni mingi, na jumla yake si ndogo.

Serikali ilitangaza mwaka 2001 kwamba mto utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Wafugaji waliondolewa Usangu kuanzia 2006, na mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na hifadhi, ikawa kubwa kuliko zote nchini hadi Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilipotangazwa 2019. Mwaka 2010 ukapita na mto ukaendelea kukatika. Mgeni anayepanga safari asitegemee tangazo, ategemee kizingiti.

Kuna jambo moja la kuwatetea wakulima wa Usangu. Kila mgawo wa umeme wa miaka ya 1990 na ule wa 2006 ulipokuja, walinyooshewa kidole. Lakini Mtera hupokea pia maji ya mito ya Kisigo na Ruaha Mdogo, na hujazwa na mafuriko ya msimu wa mvua. Mkondo wa kiangazi kutoka Usangu, hata ungeachwa wote, ni mdogo mno kuliko unachomeza mtambo. Anayeumizwa na mfereji wa Oktoba ni kiboko wa Msembe. Taa ya Dar es Salaam ina sababu zake nyingine.

Mwezi kwa mwezi

Januari hadi Mei mto unatiririka, na kilele mara nyingi huja Machi na Aprili. Nyasi zinapita dirisha la gari. Barabara za udongo mweusi zinafungwa, na baadhi ya kambi binafsi hufunga kabisa Aprili na Mei. Kipindi hiki ni cha ndege: hifadhi imeorodheshwa na zaidi ya aina 570, wakiwemo wahamiaji wanaokuja kukwepa baridi ya Ulaya, na hondohondo wa Ruaha mwenye mdomo mwekundu anaonekana hata kwenye miti ya kambini. Ukija kwa ajili hiyo, Februari ni bora kuliko Aprili. Lala Msembe, tumia barabara kuu zenye changarawe, usijaribu njia za pembeni.

Juni ni mwezi unaodharauliwa bila sababu. Mto bado unatiririka, hakuna vumbi, usiku kuna baridi ya kutaka sweta, na vyumba havijajaa. Kasoro yake ni kwamba wanyama wana maji kila mahali, kwa hiyo unawatafuta. Tandala wakubwa na wadogo, ambao Ruaha ni kati ya hifadhi chache za kuwaona wote wawili, wanaonekana vizuri kwenye vichaka vya karibu na mto.

Kuanzia Agosti mto unaanza kubaki mabwawa kati ya miamba, na hapo ndipo thamani ya kiingilio inapopanda. Hakuna haja ya kuzunguka sana. Chagua bwawa lenye maji, zima injini saa 4 asubuhi, ukae. Nyati, pundamilia, twiga na swala pala huja kwa zamu, na simba huwa wameshalala kivulini karibu wakiwasubiri. Saa mbili za kukaa kwenye bwawa moja zinazidi kilomita 60 za kuzunguka, na mafuta unayaokoa.

Septemba na Oktoba ndiyo kilele, ila kwa bei yake. Joto la mchana linaweza kupita nyuzi 35. Viboko wanasongamana kwenye mabwawa machache, maji yanakuwa mazito kwa kinyesi, hewa ya oksijeni inapungua humo na samaki hufa. Harufu ipo, na anayekuja na watoto wadogo au mtu mwenye kichefuchefu ajue mapema. Kwa upande wa pili, tembo wanachimba mchanga wa mto Mwagusi, tawi la Ruaha Mkuu, kwa mguu na mkonga hadi wapate maji safi yaliyochujwa chini, na wakiondoka wanyama wengine wanakunywa kwenye visima hivyo. Jambo hilo ni kubwa kuliko simba, na watu hulipita kwa haraka wakikimbilia simba.

Novemba ni bahati nasibu.

Gari, njia na upepo wa matairi

Kutoka Iringa mjini hadi Msembe hesabu takriban kilomita 130. Njia inagawanyika baada ya kupita vijiji vya mwanzo: ya kushoto inapita Tungamalenga, ya kulia ndiyo wageni waliyoibatiza "barabara isiyoisha" kwa jinsi ilivyonyooka. Zote mbili hukutana tena kabla ya lango. Pita Tungamalenga kama unahitaji maduka, fundi wa matairi au chumba cha nje ya hifadhi. Hali ya barabara hubadilika kutokana na matengenezo, kwa hiyo muulize dereva wa basi la Tungamalenga pale Iringa, siyo ramani ya simu.

Kwenye vipande vya changarawe vyenye vijituta vya mfululizo, punguza upepo kidogo, kutoka psi 36 hadi 28 au 30. Gari halirukiruki sana na boliti hazilegei. Wanaokimbiza gari ili "liruke juu ya vijituta" wanasahau kwamba tairi lisilogusa ardhi halishiki breki, na mbuzi wa vijijini hawajui hesabu hiyo.

Ndani ya hifadhi mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa na kuendesha usiku hakuruhusiwi. Gari dogo linaweza kuingia kiangazi na kubaki barabara kuu kati ya Ibuguziwa na Msembe pamoja na vipande vya kando ya mto, lakini utakosa Mwagusi. Ili kuvuka mto wa mchanga unahitaji gari lililoinuka linalovuta matairi yote manne, na mambo haya kwa mpangilio: simama kabla ya kuteremka, funga fowili ili matairi yote manne yavute, shusha upepo hadi psi 18 au 20, ingia kwa gia ya pili nzito, usibadilishe gia katikati, usikate usukani ghafla, na usisimame hadi magurudumu ya nyuma yapande ng'ambo. Ukizama, acha kukanyaga mafuta mara moja. Kila mzunguko wa tairi unachimba kaburi la difu, na gari likishakalia tumbo hakuna gia itakayolitoa. Angalia pande zote kabla ya kushuka, fukua mbele ya matairi yote manne, tandika mikeka ya mpira au matawi makavu, shusha upepo zaidi kidogo, toka taratibu. Jeki inahitaji ubao chini yake, kwani bila ubao inazama yenyewe badala ya kuinua gari. Kisha ujaze upepo tena. Pampu ndogo ya kuunganisha na betri inatosha, ila hakikisha waya wake unafika tairi la nyuma.

Mvua ikinyesha popote upande wa juu, usiingie mchangani hata kama mbele yako pamekauka. Mwagusi na Mdonya, mto mwingine wa mchanga, hushuka ghafla na kwa nguvu, halafu hupungua ndani ya saa chache. Subiri. Na usiegeshe humo kwa ajili ya chakula cha mchana, ingawa kivuli kinavutia.

Matairi mawili ya akiba siyo anasa, maana miiba ya migunga inapita ubavuni. Mafuta jaza Iringa: kwenda na kurudi kilomita 260, mizunguko kilomita 100 kwa siku kwa siku tatu, jumla 560. Land Cruiser ya dizeli kwa mwendo wa hifadhini ichukulie lita 18 kwa kilomita 100, inakuwa lita 100. Tenki la lita 90 na dumu moja la lita 20 vinakupa nafasi ndogo ya kupotea. Maji ya kunywa lita 5 kwa mtu kwa siku, yaani lita 45 kwa watu watatu, na usiyategemee ya bomba.

Mzunguko unaostahili

Barabara ya kando ya mto iko upande wa kaskazini-magharibi wa maji. Maana yake ni kwamba asubuhi jua linakupiga usoni ukitazama mtoni, na jioni liko mgongoni mwako. Kwa hiyo asubuhi nenda Mwagusi, mto mkuu uuachie jioni. Wapiga picha wengi hufanya kinyume, halafu wanalaumu kamera.

Toka Msembe saa 12 asubuhi, fuata mto kuelekea kaskazini-mashariki, ingia njia za kingo za Mwagusi kabla jua halijawa kali, tafuta nyayo za simba mchangani. Saa 4 rudi kwenye mabwawa. Mchana pumzika, maana hakuna kinachotembea isipokuwa ndorobo (mbung'o). Jioni kaa mtoni hadi muda wa kurudi. Siku ya pili ifanye ya Mdonya na maeneo ya mibuyu upande wa magharibi, na kadiri unavyoelekea misitu ya miombo unaanza kuwa na nafasi ya kukutana na swala wakubwa, korongo na palahala. Wachache wanawaona, kwa kuwa wengi hawatoki kabisa mtoni. Mbwa mwitu hawapangiwi ratiba. Ukiwaona, shukuru, ukikosa usimlaumu mtu.

Makutano ya njia si yote yanayoeleweka kwa mgeni, na mtandao wa simu hupotea ukiondoka Msembe. Pakua ramani kabla, au mchukue mwongozaji wa hifadhi kwa siku ya kwanza. Gharama yake inarudi kwa mafuta usiyoyapoteza. Matembezi ya miguu hayafanyiki bila askari mwenye silaha, na inafaa kuyaomba mapema, siyo asubuhi yenyewe.

Malipo na kulala

Langoni hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, benki au kadi. Fanya hivyo ukiwa Iringa, penye mtandao wa uhakika. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni, sharti aonyeshe kitambulisho. Mgeni asiye mkazi kiwango chake kwa Ruaha kimekuwa dola 30 kabla ya VAT, lakini viwango hupitiwa upya, kwa hiyo thibitisha. Gari lina ada yake na kulala kuna ada yake, na hizo mbili ndizo zinazosahaulika kwenye bajeti. Kama utalala Tungamalenga kwa sababu ni nafuu, uliza kwanza iwapo tiketi yako ya saa 24 inaruhusu kutoka na kuingia tena. Unafuu wa chumba unaweza kumezwa na kiingilio cha pili, ukiachilia mbali kwamba asubuhi utakuwa bado barabarani wakati wa Msembe wanamtazama simba.

Mabanda ya Msembe ni ya kawaida na yana kitu ambacho fedha nyingi hazikipati kwingine: mto uko mbele yako. Usitegemee zaidi ya kitanda, chandarua na jiko la pamoja. Beba tochi. Viboko hutoka mtoni usiku kula nyasi na hupita kati ya majengo, kwa hiyo safari ya chooni inafanywa kwa taa na kwa kusikiliza. Matunda usiyaweke kwenye hema. Ndizi na machungwa yanamwita tembo, na mchana tumbili wanafungua zipu bila msaada wa mtu.

Ndorobo ni wa kweli, hasa ukielekea miombo. Usivae bluu wala nyeusi, rangi zinazowavuta, na dawa ya kupaka ya mbu haiwazuii vizuri. Nguo nzito ya kahawia na madirisha yaliyofungwa ndiyo dawa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo pakia vyakula kwenye makopo.

Kutoka

Kama unarudi Dodoma au Arusha, shika lami ya Iringa–Dodoma, ambayo inakupitisha juu ya tuta la Mtera. Usipige picha ya tuta wala mitambo. Pale mtambo ni wa megawati 80, na chini zaidi Kidatu ni wa megawati 204. Baada ya hapo Ruaha Mkuu unapita mashamba ya miwa ya Kilombero na kuingia Rufiji kabla ya tuta la bwawa la Julius Nyerere. Bonde lake ni karibu nusu ya eneo lote la bonde la Rufiji, lakini unachangia takriban asilimia 15 tu ya maji, wakati mto Kilombero peke yake ni zaidi ya 60.

Samaki wa Mtera, perege na kambale, wanauzwa kando ya barabara wabichi, wa kukaanga na waliokaushwa kwa moshi. Kwa safari ndefu chukua waliokaushwa. Mvunje mmoja mgongoni kabla ya kulipa: akikatika kwa mlio ni mkavu hadi ndani, akijikunja tu ameiva nje na atanuka kabla hujafika Dodoma. Mbichi mtazame shavu, liwe jekundu, na uwe na barafu uliyoinunua Iringa, maana hapo Mtera usitegemee kuipata.